GPS ya pikipiki: setilaiti haikufuatilii, wewe ndiye unaisikiliza

Pita kwenye kijiwe chochote cha boda pale Mwanga au Ujiji, uliza habari za GPS, utapata majibu mawili yasiyofanana. Dereva atakuonyesha simu iliyobanwa kwenye usukani: hiyo ndiyo inayompa njia akipata abiria wa kwenda kijiji asichokijua. Mwenye pikipiki naye atakuambia GPS ni kile kidude cheusi kilichofichwa chini ya siti, kinachomwambia chombo chake kiko wapi wakati yeye yuko dukani. Wote wako sahihi. Ila vitu hivi viwili vinashindwa kwa sababu tofauti, na asiyeijua tofauti hiyo hununua kifaa kisichomfaa, au hukifunga mahali ambapo hakiwezi kufanya kazi. Au, baya zaidi, humnyang'anya dereva pikipiki kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo la mwisho tutalifikia.

Tuanze na imani moja iliyoenea sana, kwamba kuna setilaiti huko juu "inakuona". Haikuoni. Setilaiti za GPS, yaani zile za Marekani, zinazofanya kazi ni kama 31. Zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi na kazi yao ni moja tu: kutangaza. Kila moja inasema mfululizo, mimi ni fulani, niko mahali hapa, na saa yangu inasoma hivi. Basi. Haipokei chochote kutoka kwenye simu yako wala kwenye pikipiki. Ni kama kituo cha redio, kinarusha matangazo bila kujua nani anasikiliza. Urusi wana setilaiti zao (GLONASS), Ulaya wana Galileo, China wana BeiDou, na simu nyingi za leo zinasikiliza zote kwa pamoja.

Kifaa chako ndicho kinachopiga hesabu. Mawimbi ya setilaiti yanasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita laki tatu kwa sekunde, kwa hiyo kutoka juu hadi Kigoma yanatumia kama sekunde 0.07. Ukijua yalichukua muda gani, unajua setilaiti iko umbali gani. Ukizijua tatu namna hiyo, unapata mahali ulipo. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu yako ni ya bei rahisi na lazima kosa lake lisahihishwe. Na kosa dogo hapa si dogo: saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti zimebeba saa za atomu, na ndiyo maana wahandisi walilazimika kumsikiliza Einstein. Saa zilizo huko juu zinakimbia mbele ya saa zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, kosa lingekuwa linaongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Abiria wa Kibirizi ungemshusha ziwani.

Kwamba "niko wapi" ni swali la "saa ngapi" si jambo geni kwenye mwambao huu. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, saa zao za safari zilikuwa zimeshaharibika, na bila saa nzuri huwezi kupata longitudo: dakika 4 za kosa ni digrii nzima, kama kilomita 111 kwa huku kwetu karibu na ikweta. Kimo cha ziwa Speke alikipima kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata kama futi 1,800. Leo tunajua ni zaidi ya futi 2,500, yaani mita 773 hivi. Hata siku Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu mmoja aliugua homa njiani akapoteza hesabu ya siku, na mwenzake naye tarehe zilikuwa zimemyumbia. Simu ya laki mbili inawazidi wote.

Sasa hapa ndipo GPS mbili za kijiweni zinapoachana.

Simu ya dereva ikishajua ilipo, kazi imekwisha. Haihitaji bando, haihitaji mtandao, haihitaji hata laini. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani. Kwa hiyo ukitoka Kasulu mjini ukaona kidoti cha bluu kinaelea kwenye ukurasa mtupu wa kijivu, usiseme GPS imekufa. GPS iko kazini. Ramani ndiyo hukuipakua. Dawa yake ni kupakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye intaneti nzuri, ama kwa Google Maps, ama kwa programu kama Organic Maps na OsmAnd zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mara nyingi ina vijia vya kijijini ambavyo ramani nyingine hazina. Walinzi wa misitu wa vijiji vinavyoizunguka Gombe, kwenye miradi ya Taasisi ya Jane Goodall, wametumia simu na tableti za Android kwa zaidi ya miaka 10 kurekodi mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe ndani ya msitu usio na mtandao. Wakirudi, ndipo taarifa zinatumwa.

Kitu kimoja cha kujua: bila mtandao, simu iliyokaa imezimwa muda mrefu huchelewa kujipata. Kila setilaiti inatuma taarifa za njia yake polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na kuzipokea zote kunahitaji kama nusu dakika ya kusikiliza bila kukatizwa. Ukiwa na intaneti, simu inachukua mkato na kuzipata kwenye mtandao. Kwa hiyo washa ramani ukiwa bado mjini, acha kidoti kitulie, ndipo uondoke. Na usiiwashie chini ya miembe ya Ujiji ukategemea miujiza; majani mazito, hasa yakiwa yamelowa, yanayapunguza nguvu mawimbi haya. Mvua yenyewe haina neno.

Kifaa cha mwenye pikipiki, ambacho mafundi wanakiita traka, ni hadithi nyingine. Ndani yake kuna GPS, sawa, lakini pia kuna simu isiyo na kioo. GPS inakijulisha kifaa kilipo, halafu hiyo simu inatuma habari kwa bosi kupitia mnara. Mlolongo una vipande viwili, na kwa mkoa kama wetu, kipande cha pili ndicho kinachokatika mapema. Chukua barabara ya Uvinza kuelekea Mpanda, upite vile vipande virefu vya miombo: setilaiti zipo juu yako nane, tisa, kumi, ila hakuna mnara wa kumpelekea mtu habari. Au fikiria pikipiki imepakiwa kwenye boti usiku. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Mtandao wa 2G, kwa jinsi ulivyopangwa, kwa kawaida mnara hauwezi kuhudumia kifaa kilicho mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama hakuna kilima kinachoziba, kwa sababu ujumbe unachelewa njiani kuliko nafasi ya muda uliopewa. Kasi ya mwanga ileile inayokupa mahali ulipo ndiyo inayokunyima mawasiliano katikati ya maji. Kifaa kinajua kiko wapi kwa mita 5. Hakuna wa kumwambia.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inaonyesha vizuri?" bali "mtandao ukikata inafanyaje?" Traka nzuri ina kumbukumbu ya ndani: inaandika pointi za safari na kuzituma zote ikipata mnara. Mbaya inaonyesha pikipiki imesimama Uvinza kwa saa nne, halafu ghafla iko Mpanda.

Kuna na ujanja wa sokoni wa kuuangalia. Vipo vidude vya bei ya chini sana, vingine na sumaku mgongoni, vinavyouzwa kama GPS na havina GPS ndani. Vinakisia mahali kwa kuangalia mnara upi uko karibu. Dar es Salaam ambako minara imebanana, kosa linaweza kuwa mita mia chache, mnunuzi asishtuke. Kwenye mwinuko wa Kalinzi, mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, na kosa linakuwa la kilomita kadhaa. Kipimo ni rahisi: kabla hujalipa, kitembeze mita 100 nje ya duka. Kidoti kisiposogea, au kikiruka mtaa mzima, rudisha.

Traka ina namba ya IMEI kama simu yoyote, na tangu TCRA walipozima simu bandia Juni 2016, sidhani inafaa kununua kifaa ambacho IMEI yake haisomeki. Laini yake iwe imesajiliwa kwa jina la mwenye pikipiki. Ikisajiliwa kwa jina la fundi, siku mkigombana amebaki na funguo za pikipiki yako. Na kama chombo kinafanya safari za Manyovu au Kagunga, uliza kama kifaa kinaruhusiwa kutumia mtandao wa nchi jirani, kwa sababu kule kikinasa mnara wa Burundi na hakina ruhusa hiyo, kitakaa kimya ingawa kiko ndani ya Tanzania. 2G bado inafanya kazi, lakini Australia na Japani wameshaizima. Ukiweza, chukua kinachosoma 4G na 2G kwa pamoja.

Haya, kufunga. Hapa mafundi wengi hufikiria kitu kimoja tu, kuficha. Nawaelewa, mwizi anajua kuangalia chini ya siti. Lakini kumbuka kifaa kinasikiliza mawimbi dhaifu ajabu. Setilaiti inatuma kwa nguvu ya makumi machache ya wati, kama balbu moja, kutoka kilomita 20,200, na yakifika kwenye antena yako nguvu yake ni ndogo kuliko sehemu moja ya trilioni ya wati. Chuma kinayazuia kabisa. Plastiki, mpira na sponji ya siti yanapita bila shida kubwa. Kwa maana hiyo, traka iliyosukumwa chini ya tenki la mafuta imefichwa kwa mwizi, na imefichwa kwa setilaiti pia. Hata mnara inausikia kwa taabu.

Mahali ninapoona panafaa kwenye Boxer au TVS ni ndani ya mkia wa plastiki, nyuma ya siti karibu na taa ya nyuma, au ndani ya kava la pembeni la plastiki, sehemu ya juu. Upande wenye antena uangalie angani. Vifaa vingi vimeandikwa upande upi ni wa juu, na kama hakikuandikwa, ni ule usio na nati wala bamba la chuma. Bebeo la chuma nyuma si tatizo kubwa likiwa na nafasi, ila bamba zima la chuma juu ya kifaa ni tatizo. Usikibane moja kwa moja kwenye fremu. Weka kipande cha mpira wa tyubu katikati, funga kwa zipu taiti mbili, na waya ziangalie chini ili maji yadondoke yasifuate waya kuingia ndani.

Umeme ndio unaoua betri za watu. Traka inaunganishwa moja kwa moja na betri, kupitia fyuzi ndogo, ili iendelee kuishi pikipiki ikizimwa. Sasa piga hesabu. Tuseme betri yako ni ya ampia-saa 5 na kifaa kinakula miliampia 50 muda wote: 5 kugawa kwa 0.05 ni saa 100. Siku nne tu za kulaza pikipiki, betri iko chini, na kabla ya hapo stata itaanza kukataa. Kifaa chenye hali ya kulala kinachoshuka hadi miliampia 5 kitakupa wiki kama sita, ukiacha uchovu wa betri yenyewe. Muulize muuzaji namba hiyo ya kulala. Asipoijua, fundi mwenye mita ataipima kwa dakika mbili.

Rilei ya kuzima injini kwa mbali ni suala ninalolitilia shaka. Bosi anaona kidoti, haoni barabara. Ukizima injini ya mtu aliye kwenye mteremko wa kushuka Mwandiga na abiria nyuma, na lori liko nyuma yao, hujazuia wizi, umesababisha ajali. Kama lazima iwepo, iwe ya aina inayosubiri mwendo ushuke karibu na sifuri kabla ya kukata.

Simu kwenye usukani ina adui mwingine, mtetemo. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatikisa fremu mara 100 kwa sekunde, na usukani ndio unaopokea. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu kamera za iPhone, na sababu yake inahusu simu yoyote yenye kamera ya aina hiyo: lenzi haijakazwa, inaelea kwa sumaku ili ifidie mtikisiko wa mkono. Mtikisiko wa mkono ni wa polepole. Wa injini ukidumu miezi, picha zinaanza kutoka na ukungu. Boda zetu si injini kubwa, lakini zinakimbia saa 10 kwa siku juu ya barabara ya vumbi. Chagua holda yenye raba za kumeza mtetemo na yenye mkono mfupi. Mkono mrefu unakuza mtikisiko kama fimbo ya kuvulia. Kama una simu ya zamani yenye kamera ya kawaida, hiyo ndiyo ya usukani, ile nzuri ikae mfukoni. Chaja ya USB iunge kwenye waya unaopata umeme switchi ikiwashwa, siyo moja kwa moja kwenye betri. Holda za sumaku ziepuke, zinapotosha dira ya simu. Na hata bila sumaku, ukiwa umesimama mshale utazunguka hovyo kwa sababu GPS haijui umeelekea wapi mpaka usogee. Tembea mita 20, utanyooka.

Usishangae kidoti kikiwa ndani ya maji, hasa Kibirizi na Katonga. Pengine GPS iko sawa na ramani ndiyo ya zamani, maana ziwa lenyewe limepanda na kula fukwe miaka ya karibuni.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa. Juu angani kuna tabaka la hewa yenye chaji za umeme, ionosfia, linaloyachelewesha mawimbi ya GPS. Tabaka hili huwa nene zaidi kwenye mikanda miwili, kaskazini na kusini mwa ikweta ya sumaku ya dunia, kila mmoja kama digrii 15 kutoka kwenye ikweta hiyo. Kwa Afrika Mashariki ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, kwa hiyo Kigoma tumekaa karibu chini ya mkanda wa kusini. Jua likishazama, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na hasa miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, tabaka linachafuka na mawimbi yanapepesuka kama taa inayoonekana kupitia moshi. Saa 2 hadi saa 5 usiku kidoti kinaweza kuyumba kuliko mchana, pikipiki ileile, mahali palepale. Vifaa vinavyosikiliza masafa mawili vinalisahihisha kosa la kuchelewa kwa sehemu kubwa. Traka nyingi za pikipiki zinasikiliza moja.

Hili linatuleta kwenye ugomvi wa bosi na dereva. Dereva wa mkataba anapeleka hesabu kila siku kwa matumaini kwamba mwisho wa mkataba pikipiki ni yake. Bosi anafungua programu asubuhi, anaona chombo "kilitembea" saa 7 usiku. Kabla hajapiga simu, aangalie saa ya programu. Traka nyingi zinatoka China, na programu ikiachwa kwenye saa za China, iko saa tano mbele yetu: abiria wa saa 2 usiku anasomeka saa 7 usiku. Ikiachwa kwenye saa ya dunia, UTC, iko nyuma kwa saa tatu. Simu nayo ikinasa mnara wa Burundi au wa Kongo ng'ambo ya ziwa inarudi nyuma saa nzima. Weka UTC+3 na uhakikishe kwa safari moja unayoijua.

Pia dereva ajue kwamba kifaa kipo, na iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu kidoti kile ni mahali alipo mtu, siyo chuma tu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, na si busara kuanza biashara kwa kumfuatilia mwenzako kwa siri.

Kisha aangalie umbo la safari. Pikipiki iliyolala ukutani chini ya bati haipati mawimbi moja kwa moja, inayapata yakiwa yameshagonga ukuta na bati, na kidoti kinatangatanga. Programu inajumlisha kutangatanga huko kama kilomita. Ndiyo maana traka nzuri ina waya mmoja wa ziada unaounganishwa kwenye switchi, na fundi asiuache ukining'inia, kwa sababu ndio unaorekodi kama injini iliwashwa. Switchi ikiwa imezimwa usiku kucha na rekodi inaonyesha kilomita 2 zilizotembewa ndani ya duara la mita 30, pikipiki ililala.